Bujumbura au Muscat? Ulinganisho kwa mtu wa Kigoma anayetaka kwenda kuishi nje

Jumatano moja usiku simu tatu zilitoka Ujiji. Moja ilikuja kwangu Bujumbura, moja ilikwenda kwa mdogo wangu Muscat, Oman, ya tatu kwa kaka yetu Tabora. Mama ameanguka, mkono wa kulia hausogei, yuko hospitali ya Maweni. Kaka alidamka na basi. Mimi nilivuka mpaka wa Manyovu kabla ya adhuhuri, na alasiri ya siku ile ile nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikimlowesha mama midomo kwa pamba. Mdogo wangu alifika siku ya tisa. Mama alikuwa na siku tano kaburini.

Hakuchelewa kwa kukosa mapenzi, wala kwa kukosa pesa. Pesa za tiketi alikuwa nazo, tena kunizidi mimi. Pasipoti yake ilikuwa imefungiwa ndani ya kasha la mwajiri, mwajiri yuko safarini, na aliyeachiwa nyumba hakuwa na ufunguo wala uthubutu wa kumpigia bosi wake simu usiku. Toka siku ile, mtu akiniuliza aende nchi gani kutafuta maisha, mimi namrudishia swali: siku utakayoitwa nyumbani, utatokaje? Mshahara tutaujadili baadaye.

Mwaka huu binti wa kaka yangu amenijia na jambo hilo hilo. "Shangazi, nimepata sehemu mbili. Kuna mama wa Bujumbura anataka fundi, na kuna mtu ananitafutia Muscat. Niende wapi?" Ana cheti cha ushonaji cha VETA, ana mtoto wa miaka mitatu, na ana haraka. Nilimkalisha kibarazani tukalinganisha jambo kwa jambo. Bujumbura nimekaa miaka sita nikishona mtaa wa Buyenzi, kwa hiyo ya huko nayasema kwa macho yangu. Ya Muscat nayapata kwa mdogo wangu, aliyekaa miaka minne kwa mikataba miwili: wa kwanza ndani ya nyumba ya watu, wa pili, baada ya msiba, kwenye kampuni ya ushonaji. Mikataba hiyo miwili ilimpa maisha mawili tofauti kabisa, na nitairudia.

NJIA

Gari la Manyovu unalipata stendi ya Masanga. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni kilometa 60 za lami, unapanda milima ya Buhigwe mpaka ubaridi unakuingia shingoni, unagonga muhuri, unavuka kwenda Mugina. Upande wa pili unashuka Mabanda, Nyanza-Lac, Rumonge, halafu barabara inafuata ziwa lile lile uliloliacha nyumbani hadi Bujumbura mjini. Mambo yakikunyookea, umeondoka alfajiri na mchana unakula kwa wenyeji wako.

Hayanyooki kila siku. Miaka ya karibuni Burundi imeteswa na uhaba wa mafuta, na unaweza kufika upande wa pili ukakuta magari yamepangana kusubiri petroli na nauli imepanda kuliko uliyoambiwa jana yake. Kwa hiyo weka pembeni akiba ya nauli mara mbili, usiiguse hata ukibanwa na kodi ya chumba. Wapo wanaopita ziwani, boti za Kibirizi hadi Kagunga, kisha wanavukia huko. Ni njia ya watu wa soko na wa vijiji vya ufukweni, wanaijua na inawafaa. Mwenye mizigo na mtoto mgongoni namshauri apite Manyovu.

Kwenda Muscat, safari ya ndege kutoka Dar es Salaam ni saa tano na ushee tu. Kinachokula siku ni kutoka hapa hadi Dar. Reli ya kati ni kilometa 1,254 kutoka Kigoma, treni inalala njiani. Basi nalo linakuvunja mgongo. Ndege ipo lakini si kila saa unayoitaka, na tiketi ya kukata leo kusafiri kesho inauma. Kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na siku kikikamilika hesabu hii itabadilika sana. Kwa leo, mtu wa Muscat anayeitwa nyumbani ahesabu safari mbili: Muscat hadi Dar, na Dar hadi Kigoma. Ya pili ndiyo inayosahauliwa na mawakala wanapokuambia "ni saa tano tu".

Jambo moja nchi hizi mbili zinafanana, nalo nalisema kwa kila anayeondoka: kote magari hupita kulia. Sisi tukitaka kuvuka barabara tunatazama kulia kwanza. Kule gari la kwanza kukufikia linatoka kushoto. Wiki yangu ya pili Bujumbura pikipiki ilinichana gauni toka kiunoni hadi pindoni, na mimi naapa nilikuwa nimetazama. Nilitazama upande wa Kigoma.

Na saa: ukivuka Manyovu unairudisha nyuma saa moja, ukishuka Muscat unaisogeza mbele saa moja. Ni jambo dogo mpaka siku umekata tiketi ya gari la asubuhi au umeahidiwa simu na ofisi.

KARATASI

Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wa kwetu wanapojikwaa, tena kabla hata hawajaondoka.

Kwenda Muscat bila pasipoti haiwezekani. Kwenda Bujumbura unaweza kupita na hati ya dharura ya safari, ambayo ni ya bei ndogo na ya muda mfupi. Vipo pia vikaratasi vya ujirani mwema vinavyowasaidia watu wa vijiji vya mpakani kwenda sokoni na kurudi, lakini hivyo havikupi haki ya kuishi mjini wala kufanya kazi. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Wengi wamesikia kwamba Mkenya anakwenda Kampala na kitambulisho mfukoni, wakadhani ni Afrika Mashariki nzima. Makubaliano yale ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania na Burundi hazimo.

Ushauri wangu ni pasipoti, hata kwa anayekwenda Bujumbura tu. Ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Mtu anayepanga kukaa miaka miwili na hati ya dharura atakuwa anakimbizana na tarehe ya mwisho wa karatasi kila mara, na siku ya kuitwa nyumbani ndiyo siku atakayogundua kwamba imekwisha.

Sasa kwa sisi wa Kigoma pasipoti ina mtihani wake. Tuko mpakani, majina yetu na ya jirani yanafanana, na Muha akizungumza na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Kwa hiyo utaulizwa wazazi, utaulizwa babu, utaulizwa kijiji. Jiandae na ushahidi, usijiandae na hasira. Cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo chake, namba ya NIDA, vyote viwe tayari na viwe vinasema jambo moja.

Neno "jambo moja" ndilo zito. Na binti yangu tulitandika karatasi nne juu ya mkeka: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne na cheti cha VETA. Jina la babu yake lilikuwa limeandikwa namna tatu. Cheti cha kuzaliwa kina "bh", NIDA ina "b", cheti cha shule kimekula herufi ya mwisho. Sisi nyumbani tunajua ni mzee mmoja, mwenye shamba moja la michikichi. Kompyuta inaona wazee watatu. Kurekebisha hilo ukiwa Kigoma ni wiki kadhaa za kwenda na kurudi kwa wakili wa viapo na ofisi za usajili. Kurekebisha ukiwa nje ni kurudi nyumbani.

Na ukifika, jina linaanza kusumbua upya. Bujumbura fomu ni za Kifaransa, zina nafasi mbili tu za jina: "nom" na "prénom". Sisi tuna majina matatu, letu, la baba na la babu. Mara ya kwanza nilimweka baba mahali pa jina langu, na kwa miezi minne nikawa na karatasi moja ya nyumba inayoniita kwa jina la marehemu mzee wangu. Jifunze hili kabla ya kushika kalamu: "nom" ni la ukoo, "prénom" ni lako. Uandike vile vile kila mara, kama pasipoti inavyosema.

Muscat jina lako linaandikwa kwa Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi ya "p". Mwenye jina la Pili anakuwa Bili. Si kosa la mtu, ni herufi tu. Ila hakikisha upande wa herufi za Kilatini kwenye kadi ya ukaazi unafanana na pasipoti neno kwa neno. Huo ndio utakaosomwa uwanja wa ndege.

Kuhusu kibali chenyewe, tofauti ya nchi hizi mbili ni kubwa.

Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Raia wa nchi mwanachama akiingia anapewa pasi ya hadi miezi sita bila kulipia viza. Hiyo ni ya kutembea, kumwona ndugu, kuangalia mji. Si ya kazi. Ukipata mkataba wa kazi unaozidi siku 90, kanuni zinakutaka uombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba usainiwe, na kibali cha kwanza kinaweza kufika miaka miwili. Mke, mume na watoto wanaruhusiwa kukufuata. Ukijiajiri mwenyewe kama nilivyofanya mimi, njia ni nyingine: unaandikisha biashara na kuchukua namba ya mlipakodi, wao wanaiita NIF. Nilikaa mwaka mzima nikishona bila hiyo namba kwa sababu kila mtu aliniambia "mbona wote wanafanya hivyo". Huo ulikuwa mwaka wa kulala usingizi wa mang'amung'amu, kila mgeni mwenye faili akipita mlangoni moyo unaruka. Sikushauri.

Jambo jema kuliko yote upande wa Burundi ni hili: kibali kiko kwa jina lako na pasipoti iko mfukoni mwako. Ukigombana na tajiri unaondoka, unapanda gari.

Oman mambo yanaanzia kwa mwajiri. Yeye ndiye anayeomba viza yako, yeye ndiye mdhamini wako. Waswahili wa Muscat wanamwita kafili. Huwezi kwenda kwanza ukatafuta kazi baadaye kama unavyokwenda Bujumbura. Zamani ulitakiwa uwe na barua ya kuruhusiwa na mwajiri wa zamani ndipo uhamie kwa mwingine. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba. Ni nafuu ya kweli. Lakini sheria yao mpya ya kazi ya mwaka 2023, yenye saa za kazi na likizo na mengine mazuri, haikuwaingiza wafanyakazi wa majumbani. Ndiyo maana nasema mdogo wangu aliishi Muscat mbili. Alipokuwa ndani ya nyumba, siku ya mapumziko ilitegemea moyo wa mwenye nyumba. Alipokuwa kampuni ya ushonaji, ilikuwa imeandikwa ukutani.

Kwa hiyo anayekwenda Oman mimi simwachi bila mambo haya: mkataba aone mwenyewe, ausome kwa lugha anayoijua na nakala ya Kiarabu isomwe na mtu asiyelipwa na wakala, upite kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na ubalozi wetu wa Muscat ujue yupo. Akiambiwa "ingia kwa viza ya matembezi, tutabadilisha ukifika", aache. Na pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, imeandikwa humo humo ndani. Anayeishika badala yako anashika kisicho chake. Ikibidi ukubali ihifadhiwe, iwe mahali ambapo na wewe una ufunguo. Hilo liulizwe Kigoma, likiwa bado swali jepesi.

Nakala ya ukurasa wa picha, viza, mkataba na kadi ya ukaazi viwe kwa watu wawili: mmoja nyumbani, mmoja huko huko lakini nje ya nyumba unayofanya kazi.

UKIUGUA

Kabla ya safari ya Burundi kuna chanjo ya homa ya manjano. Unachanjwa mara moja, na tangu Julai 2016 kadi yake inatambulika maisha yote, hata kama ile ya zamani imeandikwa miaka 10. Wengi wanachokosea ni siku: kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa leo akasafiri kesho ana kadi halali ya wiki ijayo. Watoto huchanjwa kuanzia miezi tisa, na mwenye mimba aongee na daktari kwanza.

Kingine cha njia ile ni kipindupindu. Ziwa ni moja, na ugonjwa hauulizwi pasipoti. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kipindupindu kiliua watu pale ufukweni, na meli ya Liemba ikawa inawahamisha kuwaleta Kigoma mjini. Waliokuwepo hawajasahau. Maji ya kunywa chemsha, popote ulipo pembeni mwa Tanganyika, na samaki mle akiwa wa moto.

Ukilazwa Bujumbura, kadi yako ya NHIF ya Tanzania haikusaidii. Hospitali niliyolazwa mimi iliomba amana kabla ya kitanda, na jirani yangu wa chumba ndiye aliyekimbia kuilipa. Weka pesa hiyo mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuifikia. Vyeti vinaandikwa Kifaransa: kipimo chetu cha malaria cha kutazama damu kwa darubini wao wanakiandika GE, na mimi nililala siku nzima nikidhani ni ugonjwa mpya. Ukirudi Kigoma na cheti hicho, mwombe daktari wa kule akuandikie majina ya dawa kwa herufi kubwa. Majina ya dawa hayabadiliki sana kutoka lugha hadi lugha. Faida ya Bujumbura ni kwamba malaria wanaijua kama tunavyoijua. Ukiingia na homa, jambo la kwanza ni kutoboa kidole.

Muscat ni kinyume, na hili naomba lisomwe mara mbili. Kule malaria ni ugonjwa wa wageni. Mdogo wangu alipata homa wiki ya tatu baada ya kufika. Wenye nyumba walimpa panadoli na chai ya tangawizi, kwa huruma kabisa, wakidhani ni joto na ugeni. Siku ya tatu alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka. Aliyemwokoa ni bibi mmoja jirani, Mwomani aliyezaliwa Unguja, aliyemsikia akiweweseka kwa Kiswahili akauliza ametoka mkoa gani. "Kigoma." Wakampeleka hospitali. Kwa hiyo ukipata homa Oman, sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe: nimetoka Kigoma, kwetu kuna malaria, nipimeni. Neno malaria kwa Kiarabu ni lile lile. Namba ya dharura ya Oman ni 9999; ikariri kabla hujapanda ndege.

Na upande wa pili wa jambo hilo: ukikaa miaka bila kuumwa na mbu wa malaria, kinga uliyojengewa na utoto wako wa Kigoma inapungua. Unarudi likizo unajiona mwenyeji, unalala bila chandarua kama zamani, na malaria inakupiga kama mgeni. Watoto waliozaliwa Muscat ndio kabisa. Waje na dawa za kinga walizoandikiwa na daktari, na walale ndani ya chandarua kuanzia usiku wa kwanza.

Ili upate kadi ya ukaazi Oman utapimwa afya, pamoja na kifua kikuu na VVU, na atakayekutwa na VVU hapewi ukaazi. Ni afadhali ujue hali yako hapa, kwa faragha yako, kabla hujauza shamba kulipia safari. Dawa unazotumia zibebe kwenye kopo lake na karatasi ya daktari. Baadhi ya dawa za maumivu zinazouzwa kwetu bila maneno mengi, kule ni kosa la jinai bila cheti. Mzigo wa mtu usiyemjua usiubebe hata kama ni wa shemeji.

Joto la huko mwezi wa sita linavuka nyuzi 40. Serikali yao inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Anayefanya kazi za nje ajue haki hiyo ipo. Matibabu ya mgeni yanategemea bima ya mwajiri au mfuko wako, basi neno "bima" litafutwe ndani ya mkataba, na chini yake nani analipa.

Kuna jambo hatupendi kulitaja, nalo ni kifo. Mtu akifia Bujumbura, ndugu wanachanga, karatasi zinashughulikiwa, gari linakuja; ni huzuni lakini ni safari ya kutwa. Akifia Muscat kuna cheti cha kifo, polisi, ubalozi, hospitali ya kutia dawa mwili, sanduku la ndege, halafu Dar, halafu barabara ndefu ya kuja huku. Familia nyingi zinaishia kukubali azikwe huko huko. Mkataba useme nani anagharamia. Mkataba wa kwanza wa mdogo wangu ulikuwa kimya. Wa pili ulisema, mstari mmoja tu, na mstari ule ndio uliomtuliza baba.

PESA NA LUGHA

Kwa pesa, Muscat inashinda, sitamdanganya mtu. Riali moja ya Oman ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu na imefungwa hapo miaka na miaka, kwa hiyo ulichoahidiwa ndicho unachopata. Faranga ya Burundi inayeyuka, na bei ya benki na ya mtaani zinapishana mno. Mimi nilikuwa nikipata faranga nageuza vitambaa haraka, vitambaa ndivyo nilivyoleta Kigoma.

Kwa lugha, Buyenzi ni Kiswahili mtindo mmoja, sokoni Kirundi ambacho Muha anakipata, ofisini Kifaransa. Mukeke wao ni migebuka yetu. Muscat utashangaa utakavyokutana na wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja, ila kazi na karatasi ni Kiarabu na Kiingereza.

NANI AENDE WAPI

Mwenye ujuzi wa mkono, mwenye mtoto mdogo au mzazi mgonjwa, aende Bujumbura. Atapata kidogo, ila mtoto anaweza kumfuata, na akiitwa leo anafika leo.

Mwenye kazi ya kampuni, hoteli, hospitali au kiwanda, na mkataba ulioandikwa na kupitishwa, asiye na mtu nyumbani anayemtegemea kwa mikono, aende Muscat. Atajenga. Mdogo wangu amejenga, nyumba ya vyumba vitatu Mwandiga, na msingi wake ulitoka kwenye mkataba wa pili.

Anayeitiwa kazi ya ndani Oman na mtu asiyeonyesha mkataba, mimi nasema asiende, na ningesema hivyo hata kama mshahara ungekuwa mara tatu.

Yule "mtu" wa binti yangu alipoombwa mkataba alituma ujumbe wa sauti. Tukamwomba tena, akatuma picha ya nyumba nzuri yenye bwawa. Mara ya tatu hakujibu.

Jina la babu limesharekebishwa, lina "bh" kila mahali. Pasipoti ameichukua wiki iliyopita, nakala moja iko ndani ya sanduku langu chini ya khanga za marehemu mama, nyingine anayo fundi mwenzangu wa Buyenzi. Sindano ya homa ya manjano amechoma Alhamisi. Siku kumi zikitimia anapanda gari la Manyovu, na mtoto anabaki na mimi mpaka mama yake apate chumba chenye bomba la maji.